Mama Mkwe Amegoma

Jumatatu, 2 Septemba

Daftari hili nimeagizwa kuliandika, sikulitaka mwenyewe. Jana Kaka alituita sebuleni kwake, mimi, Wifi na Shangazi, akakaa kwenye kiti cha marehemu baba na kutangaza kwamba huu huenda ukawa msimu wa mwisho wa lori letu. Kama vitunguu vyetu vyote havijafika stesheni ya reli kabla ya mvua, tarehe thelathini anamwita mnunuzi wa vyuma chakavu aje alikate vipande. Halafu akanikabidhi daftari jipya la kurasa mia moja.

"Andika kila kitu lori hilo linachofanya," akasema. "Limezima wapi, nani kaligusa, kafanya nini. Siku nikiliuza nisije nikaambiwa nimelisingizia."

Basi naandika. Mimi ndiye dereva wa lori hilo, huu mwaka wa kumi na moja, na mtaani hapa sina jina jingine. Hata watoto wa jirani wananiita Dereva. Likikatwa vipande sijui nitaitwa nani. Lenyewe lina jina pia: Mama Mkwe. Baba ndiye aliyelibatiza. Alisema ukiliheshimu linakubeba wewe na ukoo wako mzima, ukiliharakisha linakuaibisha mbele za watu. Tunazidiana miaka miwili, na lenyewe ndilo kubwa.

Leo nimeliosha kuanzia bodi hadi matairi. Nimepaka grisi panapotaka grisi. Nimesugua vichwa vya betri. Nimekata raba ya tyubu kuukuu nikaivisha mfuniko wa tangi la dizeli, ukabana sawasawa, na kile kitundu kidogo cha katikati ya mfuniko nimekiziba kwa sabuni ya kufulia, maana msimu uliopita maji yaliingia tangini yakatutesa. Kaka amejaza dizeli mpaka shingoni, ili na yeye asije akasingiziwa. Vitunguu vimekauka vizuri bandani. Safari za stesheni ni sita tu, na anga ni jeupe.

Jumatano, 4 Septemba

Nililitoa nikalizungushe kidogo kabla ya kupakia. Liliwaka vizuri, nikapiga honi mbele ya nyumba ya Kaka kwa makusudi. Tulipofika mlima wa machimbo ya mawe, likaanza kukohoa, likanywea, likazima. Nikapiga stata: inazunguka, injini haishiki. Nikapiga tena. Wavunja mawe waliacha nyundo zao wakaja kuniangalia, na mmoja akaniuliza kama nimeweka mafuta. Watu wakimwona mwanamke kwenye usukani hilo ndilo swali lao la kwanza.

Nikampigia simu fundi. Huyu kila mtu anamwita Fundi Tayari, kwa sababu akimaliza kazi hupangusa mikono kwenye suruali na kusema "Tayari," hata kama hakuna kilicho tayari. Alikuja na pikipiki. Alifungua tangi kwanza, akachovya kijiti: dizeli tele. Akafungua chujio la dizeli, akalisafisha. Akatoa upepo uliokwama kwenye njia ya dizeli kwa ile pampu ndogo ya mkono iliyo ubavuni mwa injini, sukuma vuta, sukuma vuta, mpaka mapovu yakaisha. Nikapiga stata. Likawaka kwa mkupuo mmoja.

"Tayari," akasema.

Nisingeogopa ile grisi yake ningemkumbatia. Nimerudi nyumbani naimba.

Alhamisi, 5 Septemba

Asubuhi haliwaki. Kaka amepita anakwenda kwenye mashine yake ya kusaga, akauliza, "Umeandika?" Nimeandika.

Ijumaa, 6 Septemba

Fundi Tayari kaja tena. Alifungua tangi, akachovya kijiti. Mfuniko ulipolegea tangi likashusha pumzi, fsss, tukacheka wote wawili. Nikamwambia hata Mama Mkwe amechoka na sisi. Safari hii alishuku betri. Alikaza nyaya, akaangalia stata, akatoa upepo kwa pampu ya mkono. Likawaka. Tayari.

Amesema kosa lilikuwa waya wa betri uliolegea. Niliona kama na mimi nililijua hilo tangu mwanzo.

Jumamosi, 7 Septemba

Kaka amechota nusu tangi ya dizeli, ameipeleka kwenye mashine yake ya kusaga. Hakupiga hodi wala hakuaga. Nimemwambia Wifi amwambie mumewe kwamba lori si kisima. Wifi akajibu, "Mwambie mwenyewe, wifi yangu, mimi naishi naye." Amerudisha mfuniko na raba yake vizuri, hilo namshukuru.

Jumatatu, 9 Septemba

Safari ya kwanza, magunia sitini. Nilipofika mlima wa machimbo nilishika usukani mpaka vidole vikaniuma. Mama Mkwe akapanda bila kukohoa hata mara moja. Wavunja mawe nikawapigia honi, yule wa swali la mafuta nikampigia mara mbili. Stesheni wapakuzi walinikuta nacheka peke yangu kwenye kabini. Kwenda kilomita ishirini, kurudi ishirini, na hakuna kilichoharibika.

Jumanne, 10 Septemba

Safari ya pili. Asubuhi nilipima dizeli kwa kijiti, inatosha. Limekwenda, limerudi. Sina la kuandika, na sijawahi kufurahi hivi kwa kukosa la kuandika.

Jumatano, 11 Septemba

Kaka ameona aibu ya kuchota dizeli. Leo amejaza tangi mpaka juu, akafunga mfuniko kwa mikono yake miwili, akasema, "Haya, usiseme nakubania." Kumbe ana moyo, ameuficha tu chini ya lile shati lake la kunyooshwa.

Alhamisi, 12 Septemba

Niandike polepole, maana hasira bado haijaniisha.

Safari ya tatu. Magunia sitini, tangi limejaa, betri imekazwa, dereva amelala vizuri. Tukafika mlima wa machimbo. Kohoo, kohoo, kimya. Palepale pa siku ile, kwenye jiwe lililopakwa chokaa, kama vile amepewa miadi. Nikaweka mawe nyuma ya matairi. Nikafungua boneti nikaangalia injini, nayo ikaniangalia. Yule mvunja mawe alikuja akasimama, safari hii hakuuliza kitu. Alinionea huruma, nayo iliniuma kuliko swali lake.

Fundi Tayari alifika saa tano na chujio jipya. Alifungua tangi, akachovya kijiti, akafunga. Akabadilisha chujio. Akatoa upepo. Likawaka. Tayari. Nikaondoka nikimwombea dua njia nzima, na dua ikaishia hatua mia mbili kabla ya lango la stesheni. Likazima tena. Wapakuzi walibeba magunia sitini mgongoni, moja moja, na kila aliyepita dirishani kwangu alinipa pole. Pole sitini.

Kwa kurudi fundi alinifuata stesheni na pikipiki yake. Alifungua tena tangi, akachovya tena kijiti, akatoa upepo. Tukafika nyumbani. Kaka alikuwa amesimama uani. Alinyoosha kidole tu kwenye daftari.

Jumamosi, 14 Septemba

Fundi Tayari ameng'oa pampu ya dizeli. Anasema imechoka. Juzi ilikuwa chujio, kabla ya hapo betri, kabla yake uchafu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nimemsifu mtu huyu mtaa mzima. Leo namwona laghai. Nimemwambia asitamke neno "tayari" mbele yangu mpaka nimpe ruhusa.

Wifi aliniletea chai pale nilipokuwa nimekaa kwenye ngazi ya kabini. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akimtazama fundi anavyoondoka na pampu yetu ndani ya gunia. Nikamwambia nakubaliana naye kabisa. Kwa upande wa milimani nimeona wingu la kwanza, dogo, kijivu.

Jumatatu, 16 Septemba

Pampu imerudi. Mtaalamu wa pampu kule mjini ameipima akasema nzima, haina hata mkwaruzo. Fundi Tayari angeweza kuniambia imetengenezwa, nisingejua. Alisema ukweli. Tena alikataa malipo ya kuing'oa na kuirudisha.

"Dada, mimi sijui linaumwa nini," akasema. "Nikilishika linawaka. Nikiondoka linazima. Miaka ishirini na mitano ya ufundi sijaona ugonjwa unaomwogopa daktari hivi."

Alikuwa na macho mekundu. Nilimwona laghai siku mbili zilizopita, na leo nimeona haya. Nimemwambia ruhusa ya kusema "tayari" nimemrudishia. Akasema hana hamu nayo.

Jumanne, 17 Septemba

Alifunga pampu, akafungua tangi, akachovya kijiti, akatoa upepo. Limewaka.

Jumatano, 18 Septemba

Safari ya nne. Limezima kwenye jiwe la chokaa. Limewashwa. Limefika kwa shida. Nimechoka kuandika sentensi hizi.

Ijumaa, 20 Septemba

Kaka amemleta mnunuzi wa vyuma chakavu aje "kuangalia tu." Mtu mpole, ana chaki sikioni kama fundi seremala. Alilizunguka lori letu akiligonga kwa vifundo vya vidole, ngo, ngo, akisikiliza unene wa bati. Kisha akachora mistari: hapa patakatwa, hapa patakatwa, injini itatoka nzima. Mstari mmoja ulipita katikati ya mlango wangu.

Nilimwambia Kaka mbele ya mgeni kwamba tarehe thelathini bado. Akasema anajua. Nikamwambia baba angekuwepo asingeruhusu chaki hii. Hapo nikawa nimegusa jipu.

"Baba," akasema. "Baba alikufundisha wewe. Mimi aliniambia nina mikono mizito, nitavunja gia. Tangu nina miaka kumi na nne mimi ni wa kusukuma. Lori likizima, Kaka shuka sukuma. Wewe umekaa juu umeshika usukani, unapungia watu mkono, mimi niko nyuma nakula moshi. Unataka nilipende kwa lipi?"

Mnunuzi akajifanya anaangalia tairi. Mimi, kwa kweli, nikakumbuka. Nilikuwa napunga mkono.

Nimeishi na mtu huyu miaka yote nikidhani ni bahili tu.

Jumamosi, 21 Septemba

Fundi amebadilisha mipira yote ya kupitishia dizeli. Hatuongei sana. Anafanya kazi kama mtu anayeuguza mzazi.

Jumatatu, 23 Septemba

Manyunyu ya dakika tano saa tisa alasiri. Sote tulikimbia bandani na maturubai. Shangazi alibaki amekaa juu ya gunia lake, akasema yeye na vitunguu vyake wataondoka pamoja au wataoza pamoja. Zimebaki safari mbili, ya Kaka na ya Shangazi. Maji yamenifika shingoni.

Jumanne, 24 Septemba

Kaka amejaza tangi. Kesho anapanda na mimi, kwa kuwa mzigo ni wake. Amesema anataka kuona kwa macho yake.

Jumatano, 25 Septemba

Leo kurasa zikiisha nitaandika kwenye jalada.

Tuliondoka saa mbili, mimi na Kaka, magunia sitini nyuma na turubai juu yake. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka mtu anatamani kuinama. Kaka amevaa shati lake la kunyooshwa, amepakata begi magotini kama abiria wa treni. Mama Mkwe aliwaka vizuri. Kwenye jiwe la chokaa lilikohoa, likanywea, likazima.

Nikaweka mawe nyuma ya matairi. Nikampigia Fundi Tayari, simu yake haipatikani. Nikajaribu ile pampu ya mkono mwenyewe: ngumu, haivuti kitu. Nikarudi kwenye kabini nikaegemeza kichwa kwenye usukani. Ningekuwa peke yangu ningelia, lakini mbele ya Kaka sikutaka.

Kaka alilichukua daftari hili pale juu ya dashibodi. "Hebu tuone ushahidi wangu," akasema, akaanza kusoma kwa sauti, akiniigiza. Alisoma vizuri, mshenzi yule. Alipofika kwenye honi niliyompigia makusudi akakunja uso, kwenye lori si kisima akaguna. Alipofika kwenye moyo uliofichwa chini ya shati akaendelea kwa sauti ya kawaida, bila kuniigiza tena.

"Alifungua tangi, akachovya kijiti, akabadilisha chujio. Likawaka. Alifungua tena tangi, akachovya tena kijiti, akatoa upepo. Akafunga pampu, akafungua tangi, akachovya kijiti. Huyu fundi wako anapenda kuchovya kijiti."

"Rudia hapo," nikasema.

"Wapi?"

"Pote penye kijiti."

Akarudia. Tarehe nne, betri haikuguswa, likawaka. Tarehe sita, chujio halikuguswa, likawaka. Tarehe kumi nilipima dizeli mwenyewe, fundi hakuwepo kabisa, likaenda na kurudi. Ukiacha kutoa upepo, ambako hata mimi nilikuwa nimejaribu sasa hivi bila faida, kila alichofanya fundi kilikuwa tofauti, isipokuwa kimoja. Kabla ya yote, tangi lilifunguliwa.

"Na siku lililokwenda vizuri?" nikauliza.

Kaka akageuza ukurasa. "Mimi nimechota nusu tangi."

"Na lilipozima?"

"Mimi nimelijaza." Akanitazama. "Unataka kusema kosa ni langu?"

"Soma ukurasa wa kwanza."

Akasoma. Mahali pa grisi. Mahali pa betri. Akafika kwenye raba ya tyubu, akafika kwenye sabuni ya kufulia. Akasoma mwenyewe neno kwa neno, kwa mwandiko wangu mwenyewe: kile kitundu kidogo cha katikati ya mfuniko nimekiziba.

"Kaka," nikasema, "unakumbuka ulivyonyonya hewa kwenye chupa ya soda, ulimi ukanasa, baba akakupeleka kwa nesi na chupa ikining'inia mdomoni?"

"Nakumbuka. Ulicheka siku tatu."

"Tangi letu ni hiyo chupa. Injini inanyonya dizeli, na hewa haina pa kuingilia kujaza nafasi. Inanyonya mpaka inanasa. Tangi likiwa nusu, ndani kuna hewa nyingi, linavumilia mpaka stesheni na kurudi. Ukilijaza, hewa ni kiduchu, linakabwa hapahapa mlimani. Fundi akifungua kupima, linapata pumzi. Chochote atakachofanya baada ya hapo, linawaka."

Kaka alikuwa ameshashuka. Sikuwahi kumwona akishuka kwenye lori kwa hiari yake. Tukasimama wote wawili mbele ya tangi, nikashika mfuniko, nikazungusha. Fsss. Ndefu, ya kuvuta, kama mtu aliyetoka chini ya maji. Manyunyu yalikuwa yameanza. Kaka akashika kichwa.

"Mwezi mzima," akasema. "Mwezi mzima umemziba mama wa watu pua."

Nilichomoa pini ya nywele, nikachokonoa sabuni mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Raba nikaitupa kwa wavunja mawe. Kisha nikamwonyesha Kaka pampu ya mkono, nikamwambia anisaidie, mimi nimeshachoka mikono.

"Mimi nina mikono mizito," akasema, na hakuwa anatania.

"Hiyo pampu inataka mizito."

Akakunja mikono ya shati la kunyooshwa. Sukuma vuta, sukuma vuta. Ile pampu iliyokuwa ngumu dakika kumi kabla sasa ilivuta vizuri. Mapovu yakatoka, yakapungua, yakaisha, dizeli ikamrukia kifuani, na badala ya kunifokea akasema, "Imekuja." Nikapanda. Nikapiga stata. Mama Mkwe akawaka kwa sauti ambayo sijaisikia tangu msimu uliopita, nzito, ya shibe.

Nilipomaliza mlima wa machimbo nilipiga honi mpaka wavunja mawe wakainua nyundo juu. Kaka naye alikuwa anapiga mlango kwa kiganja, nje ya dirisha, mvua ikimnyeshea mkono. Hatukuzima mpaka ndani kabisa ya lango la stesheni, chini ya bati. Magunia sitini makavu. Nilikaa kwenye usukani nikalia waziwazi, machozi ya furaha na ya aibu yakichanganyika, na Kaka akanipa begi lake nifutie kwa kuwa hatukuwa na kitambaa.

Alhamisi, 26 Septemba

Safari ya sita, ya Shangazi. Fundi Tayari alikuja mapema kupakia pamoja nasi. Nilimwambia mbele ya watu wote, nikasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, sikuruka neno. Niliona ni deni langu kwake, baada ya jina nililompa moyoni. Alisikiliza akiwa ameshika mfuniko wa tangi mkononi. Alipuliza kitundu kwa mdomo, hewa ikapita. Ghafla akakaa chini juu ya tairi la akiba akacheka mpaka akashika mbavu.

"Miaka ishirini na mitano," akasema. "Nimefungua mfuniko huo mara zote hizo, dada, nikaangalia kijiti. Sikuangalia mfuniko."

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Wifi, na safari hii alinitazama mimi. Nikamwambia nakubaliana naye kabisa.

Shangazi alikataa kubaki. Alipanda kabini akakaa katikati, kati yangu na fundi, na stesheni aliwasimamia wapakuzi kama bosi wao. Gunia la mwisho lilipoteremka akaligonga kwa fimbo. "Nendeni," akaviambia vitunguu vyake. Fundi akapangusa mikono kwenye suruali, akanitazama kuomba ruhusa. Nikampa.

"Tayari," akasema.

Ijumaa, 27 Septemba

Mvua. Inanyesha tangu asubuhi bila kupumzika. Banda ni tupu, limefagiliwa. Nimekaa mlangoni naiangalia, na leo ninyeshewe hata mimi, sijali.

Jumatatu, 30 Septemba

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja na gari lake na mitungi ya gesi ya kukatia vyuma. Niliposikia honi getini nilikimbilia uani, kwa kuwa Kaka hakuwa amesema lolote kuhusu lori tangu Alhamisi, wala mimi sikumuuliza. Alitoka nyumbani kwake na kitambaa kibichi. Akamsalimia yule mtu vizuri, akamuuliza hali ya nyumbani. Kisha akaenda kwenye mlango wangu, akafuta ule mstari wa chaki kutoka juu hadi chini. Mingine mvua ilikuwa imeshaifuta.

"Nisamehe kwa usumbufu," akamwambia. "Hapa hakuna chakavu."

Mnunuzi akaligonga lori mara moja ya mwisho, ngo, akasema bati zuri, akaondoka.

Nilidhani Kaka atarudi ndani. Badala yake alilizunguka lori, akafungua mlango wa upande wa usukani, akapanda, akakaa. Mikono aliiweka magotini. Alitazama mbele kama yuko njiani tayari.

"Hivi gia ya kwanza iko wapi?" akauliza.

Nikapanda upande wa abiria. Ni mara ya kwanza tangu niwe dereva kukaa upande huo, na nimegundua kiti chake kina spiringi inayochoma. Nikamwonyesha klachi. Nikaweka kiganja changu juu ya mkono wake mzito, tukaingiza gia pamoja, haikuvunjika. Akaachia klachi kwa pupa, Mama Mkwe akaruka, akazima. Wifi alikuwa dirishani na Shangazi nyuma yake, na hakuna aliyethubutu kucheka. Akazima mara ya pili. Akazima mara ya tatu, jasho linamtoka. Mara ya nne lori likasogea, taratibu, likatoka getini, likapita mbele ya mashine yake ya kusaga, wasagaji wote wakasimama kumtazama, naye akatoa mkono dirishani akawapungia.

Tulizima mbele ya duka, alipojaribu kugeuza. Aliegemea kiti, akatabasamu, akanisogezea daftari hili kutoka kwenye dashibodi.

"Andika," akasema. "Limezima wapi, nani kaligusa."

Nimeandika.